Deni Lililosafiri na Mfanyakazi: Uchambuzi wa Kisa cha Top Glove

Mwezi Mei 2021, maofisa wa forodha wa Marekani huko Cleveland, jimbo la Ohio, walikamata shehena ya glavu karibu milioni 4 zenye thamani ya zaidi ya dola 500,000. Glavu zenyewe hazikuwa na kasoro. Hazikutoboka, hazikuwa bandia, wala ushuru wake haukukwepwa. Nchi ilikuwa bado katikati ya janga la korona na hospitali zilikuwa zinanunua glavu kwa bei ambazo hazijawahi kuonekana. Hata hivyo mzigo ulizuiwa, kwa sababu serikali ya Marekani ilikuwa imeridhika kwamba mtengenezaji wake, kampuni ya Top Glove ya Malaysia, alikuwa anatumia kazi ya kulazimishwa.

Nimekichagua kisa hiki badala ya vile vya mashimo ya madini au meli za uvuvi ambazo nahodha ndiye sheria. Vile vinatisha, lakini meneja wa kawaida akivisoma hujiambia kwamba havimhusu. Top Glove inamhusu. Ilianzishwa mwaka 1991, ikawa mtengenezaji mkubwa kuliko wote wa glavu za mpira duniani, na kabla ya korona karibu glavu moja katika kila nne duniani ilitoka kwake. Hisa zake ziliuzwa katika masoko ya Kuala Lumpur na Singapore. Ilikuwa na idara ya rasilimali watu, sera zilizoandikwa vizuri, na wateja waliokuwa wakileta wakaguzi wao. Kama utumwa mamboleo uliweza kukaa humo, basi swali la kujiuliza ni nini hasa ambacho sera na wakaguzi hao walikuwa hawakioni.

Jibu langu ni fupi: walikuwa hawalioni deni.

Mlango ulikuwa nyuma, si mbele

Viwanda vya glavu vya Malaysia huendeshwa kwa kiasi kikubwa na wafanyakazi wahamiaji kutoka Nepal, Bangladesh, Myanmar, Indonesia na kwingineko. Kijana anayetaka kwenda huko haombi kazi kiwandani moja kwa moja. Kuna dalali wa kijijini anayemfahamu, dalali huyo humpeleka kwa wakala wa mjini, wakala ana mwenzake Malaysia, na huyo ndiye anayezungumza na kampuni. Kila mkono unaopokea faili unatoza chake. Fedha hizo kijana hana, kwa hiyo anakopa. Katika vijiji vya Nepal, riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwa mkopeshaji wa mtaani si jambo la kushangaza, na mara nyingi rehani ni kipande cha ardhi cha wazazi au dhahabu ya mama.

Nepal yenyewe iliona tatizo. Tangu mwaka 2015 ina utaratibu unaomtaka mwajiri alipie viza na tiketi kwa nchi kadhaa zikiwemo za Ghuba na Malaysia, na wakala asitoze zaidi ya rupia 10,000 za Nepal kama gharama ya huduma. Kilichofuata kinaeleweka na yeyote aliyewahi kukaa na makaratasi ya ajira. Mfanyakazi analipa kiasi kikubwa kwa fedha taslimu, kisha anapewa risiti ya 10,000. Wengine husainishwa karatasi kwamba hawakulipa kitu kingine chochote, na wapo wanaorekodiwa kwa video wakisema hivyo. Mkaguzi akija baadaye kiwandani anaikuta risiti safi kwenye faili, anaweka alama ya vema, anaendelea na ukurasa unaofuata.

Sasa mfanyakazi huyo amefika. Kibali chake cha kazi kimefungwa kwa mwajiri mmoja. Akiondoka bila ridhaa anakuwa mhamiaji asiye halali, na nyumbani mkopeshaji anahesabu miezi. Hakuna haja ya mlinzi mwenye rungu. Akiambiwa abaki kwa zamu nyingine, atabaki. Akiona chumba kina vitanda vingi kuliko kinavyoweza kubeba, atanyamaza. Hapa ndipo wengi wanapokosea wanapotafuta utumwa kwa macho, maana wanatafuta minyororo. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lina viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa, na utumwa wa deni ni kimojawapo tu. Lakini katika kisa hiki ndicho kinachovipa nguvu vingine vyote. Mtu asiye na deni anaweza kukataa saa za ziada na akikosana na msimamizi akapanda ndege kurudi kwao. Mwenye deni hawezi.

Januari 2019: sera nzuri, nusu ya kazi

Desemba 2018 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha habari za wafanyakazi wa Top Glove waliodai kubeba madeni makubwa na kufanya kazi kwa saa nyingi mno. Kampuni ilikanusha kwamba ina kazi ya kulazimishwa. Lakini kuanzia Januari 2019 iliweka sera ya kuajiri bila mfanyakazi kulipa chochote: ada zote za wakala, viza na tiketi zingebebwa na kampuni.

Hii si hatua ndogo, na sitaki kuibeza. Kanuni kwamba mwajiri ndiye alipe gharama za kumpata mfanyakazi ndiyo msingi wa kila mpango wa maana wa kuzuia utumwa katika ajira za wahamiaji. Shida ni kwamba sera ilitazama mbele tu. Maelfu ya watu waliokuwa tayari kwenye mashine waliingia kabla ya Januari 2019. Kwao hakuna kilichobadilika. Waliendelea kulipa deni la jana ndani ya kiwanda ambacho sasa kilikuwa na haki ya kujitangaza kuwa hakitozi ada.

Tena onyo halikuwa mbali. Mwezi huohuo wa Januari 2019, wafanyakazi wapatao 2,000 wa Nepal waligoma katika kampuni nyingine ya glavu, WRP, katika jimbo lilelile la Top Glove, Selangor, wakidai mishahara. Kufikia mwisho wa Septemba mwaka huo forodha ya Marekani ilizuia glavu za WRP. Zuio liliondolewa Machi 2020. Mtu yeyote wa idara ya uzingatiaji wa sheria katika kiwanda jirani alikuwa na mwaka mzima na zaidi wa kujiuliza: je, sisi tukikaguliwa hivi, tutasimama wapi?

Julai 2020

Tarehe 15 Julai 2020 zamu ya Top Glove ilifika. Forodha ya Marekani, CBP, iliagiza bidhaa za kampuni zake tanzu mbili zizuiwe. Sababu zilizotajwa zilikuwa utumwa wa deni, saa za ziada kupita kiasi, kuzuiliwa kwa hati za utambulisho, na mazingira mabaya ya kazi na makazi.

Silaha iliyotumika ni kongwe: kifungu cha 307 cha Sheria ya Ushuru ya mwaka 1930. Kwa miongo mingi kifungu hicho kilikuwa na mwanya mpana. Bidhaa iliyotengenezwa kwa shuruti iliruhusiwa kuingia ikiwa uzalishaji wa ndani wa Marekani hautoshi kukidhi mahitaji. Mwanya huo ulizibwa Februari 2016. Ukifikiri vizuri, glavu za mpira ndizo hasa zingepita kwenye mwanya huo, kwa kuwa Marekani ilikuwa inazitegemea kutoka nje karibu kabisa.

Linganisha na Uingereza. Sheria yake ya Utumwa Mamboleo ya mwaka 2015 inazitaka kampuni zenye mauzo ya kuanzia pauni milioni 36 kwa mwaka zichapishe taarifa ya hatua walizochukua. Kampuni inaweza hata kuandika kwamba haikuchukua hatua yoyote na ikawa imetimiza sheria. Taarifa za namna hiyo nimesoma nyingi, na nyingi zinafanana hadi kwenye nafasi za koma. Haijawahi kunitokea kusoma moja iliyomrudishia mfanyakazi fedha yake. Shehena iliyokwama bandarini ni jambo jingine kabisa.

Kutoka milioni 53 hadi milioni 136

Baada ya zuio, mambo ambayo kwa mwaka na nusu hayakuwezekana yalianza kuwezekana haraka. Agosti 2020 kampuni ilitangaza kwamba itawarejeshea wafanyakazi ada walizolipa kwa mawakala kabla ya sera mpya, na makisio yake ya kwanza yalikuwa milioni 53 za ringiti, fedha ya Malaysia. Kisha ikaajiri washauri huru wa Uingereza, Impactt, wafanye uchunguzi. Kufikia Oktoba kiasi kilikuwa kimepanda hadi ringiti milioni 136.

Ningekaa kwenye pengo hilo kwa muda, kwa sababu ndilo lenye somo kubwa zaidi kwa kampuni yoyote. Makisio yaliongezeka zaidi ya mara mbili na nusu ndani ya miezi michache, na katika miezi hiyo wafanyakazi hawakulipa hata senti mpya kwa wakala. Kilichobadilika ni njia ya kuhesabu. Ukitegemea mikataba na risiti, unahesabu ile rupia 10,000. Ukitaka kufika kwenye kiasi cha kweli inabidi ukae na watu, kwa lugha zao, mbali na wasimamizi, ukiwauliza kila kundi kwa nchi waliyotoka na mwaka waliosafiri: dalali alichukua ngapi, wakala ngapi, daktari wa vipimo ngapi, na siku ya uwanja wa ndege walidaiwa nini cha mwisho. Majibu ya watu 200 waliotoka eneo moja mwaka mmoja yatakaribiana. Hapo unapata kiwango cha haki hata kama hakuna aliyeshika risiti. Ushahidi wa maneno ya wengi, ukipangwa vizuri, una nguvu kuliko karatasi moja iliyotengenezwa ili ikuridhishe.

Fedha hizo ziligawanywa kwa zaidi ya wafanyakazi 10,000. Ukipiga hesabu, wastani unapita ringiti 10,000 kwa mtu. Kima cha chini cha mshahara katika miji mikubwa ya Malaysia mwaka 2020 kilikuwa ringiti 1,200 kwa mwezi. Kwa maneno mengine, mtu alinunua kazi yake kwa mshahara wa miezi 8 au zaidi, bila kuhesabu riba, bila kula, bila kutuma kitu nyumbani.

Na kwa kampuni? Faida ya mwaka wa fedha ulioishia Agosti 2019 ilikuwa chini ya ringiti milioni 400. Milioni 136 ingekuwa zaidi ya theluthi moja ya faida hiyo. Katika mwaka ulioishia Agosti 2021, glavu zilipokuwa dhahabu, faida ilipita bilioni 7, na kiasi kilekile kikawa chini ya asilimia 2. Kwa hiyo kisa hiki kinaweza kupotosha kidogo: kampuni ililipa wakati ambapo kulipa kulikuwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote katika historia yake. Kiwanda cha kawaida chenye faida nyembamba kitalitazama deni kama hilo na kushawishika kulifunika. Ndiyo maana ada ya uajiri inabidi iingizwe kwenye bei ya bidhaa tangu siku ya kwanza, ikiwa kubwa au ndogo. Ikiachwa irundikane miaka 10, inakuwa mlima usiopandika.

Mabweni

Wakati washauri wanahesabu ada, tatizo jingine lilikuwa linaiva vyumbani. Novemba 2020 korona ililipuka katika mabweni ya kampuni huko Meru, Klang. Maelfu ya wafanyakazi waliambukizwa na serikali ikaagiza viwanda 28 vifungwe kwa awamu. Desemba mfanyakazi mmoja kutoka Nepal, kijana wa miaka 29, alifariki. Idara ya Kazi ilikagua mabweni ikakuta msongamano na hewa isiyopita vizuri, na mwaka uliofuata kampuni ikashitakiwa chini ya sheria ya viwango vya makazi ya wafanyakazi.

Kuna tukio la kabla ya mlipuko ambalo kwangu lina uzito kuliko yote haya. Mei 2020, mfanyakazi wa kampuni hiyo alipiga picha za wenzake wakiwa wamebanana kwenye foleni ya kupimwa joto, bila nafasi kati yao. Picha zilifika kwa mtetezi wa haki za wahamiaji. Kampuni ilimtambua aliyezipiga kupitia kamera zake za ulinzi, na Septemba ikamfukuza. Miezi miwili baadaye korona ikapita katikati ya foleni zilezile.

Kampuni nyingi hutumia fedha kutengeneza namba za simu za malalamiko, visanduku vya maoni na mabango ya lugha tano. Hapa taarifa ilikuja bure, ikiwa na picha, tena mapema. Ilikosa tu mtu wa kuipokea kama taarifa. Mimi nikiwa mnunuzi na naruhusiwa kuuliza swali moja tu kwa kiwanda, nisingeuliza kama kina utaratibu wa malalamiko. Ningeuliza: mtu wa mwisho aliyelalamika yuko wapi sasa, na naweza kuzungumza naye?

Walionunua na waliowekeza

Ni rahisi kumwachia mtengenezaji lawama zote. Lakini glavu ni bidhaa ya zabuni, na katika zabuni za hospitali senti moja kwa boksi huamua nani anapata. Machi 2020, viwanda vilipotakiwa kupunguza watu kwa sababu ya amri ya kutotoka nje, balozi wa Umoja wa Ulaya nchini Malaysia alihimiza hadharani uzalishaji uendelee saa 24 kwa siku zote za wiki. Nia ilieleweka, watu walikuwa wanakufa. Ila sheria ya Malaysia inaweka ukomo wa saa 104 za ziada kwa mwezi, ambao tayari ni mwingi, na hakuna aliyesema nani atakaa kwenye mashine hizo saa zote. Mnunuzi anayeongeza oda maradufu bila kuongeza muda wa kupokea mzigo ameshaamua kuhusu saa za ziada, hata kama mkataba wake una kifungu kirefu cha kupinga utumwa.

Wenye fedha nao walichelewa, ila walipofika walisikika. Januari 2021, kampuni kubwa ya uwekezaji ya BlackRock ilipiga kura kupinga wakurugenzi sita wa Top Glove wachaguliwe tena, ikilaumu namna bodi ilivyosimamia afya na usalama wa wafanyakazi. Mpango wa kampuni kuorodhesha hisa Hong Kong nao ulikwama huku suala la Marekani likiwa halijaisha. Tarehe 29 Machi 2021 CBP ilitoka kwenye tuhuma na kwenda kwenye uamuzi rasmi kwamba kuna kazi ya kulazimishwa, na mizigo ikaanza kukamatwa, ikiwemo ile ya Cleveland. Mwishoni mwa Aprili Impactt walisema hawaoni tena kazi ya kulazimishwa ya kimfumo katika shughuli za moja kwa moja za kampuni. Marekani haikukimbilia kukubali. Ilifungua mlango Septemba 2021, baada ya kuridhika kwamba wafanyakazi wamelipwa zaidi ya dola milioni 30 na kwamba mabweni na mazingira ya kazi yameboreshwa.

Jambo moja lililofanyika sawasawa katika mwenendo huu halisemwi vya kutosha: zuio lilikuwa na njia ya kutokea. Kampuni ilijua ikilipa na kurekebisha itarudi sokoni. Novemba 2021 nchini humohumo tuliona njia nyingine, pale Dyson, kampuni ya vifaa vya umeme vya nyumbani, ilipotangaza kuvunja mkataba na ATA, mtengenezaji wake mkubwa, baada ya ukaguzi wa hali ya wafanyakazi. Kuondoka kunasafisha jina la mnunuzi. Lakini oda ikiondoka, zamu hupungua, mshahara hupungua, na mkopeshaji kijijini hajali nani alivunja mkataba na nani. Mnunuzi mwenye nguvu ya kutosha kuondoka kwa kishindo ana nguvu ya kutosha kubaki na kudai marejesho kwanza. Kuondoka kuwe hatua ya mwisho, baada ya mfanyakazi kulipwa chake.

Baada ya glavu kushuka bei

Viwanda vingine vya glavu vya Malaysia, Hartalega na Kossan miongoni mwao, vilianza kurejesha ada bila kungoja kukamatwa. Supermax haikuwahi, ikazuiwa Oktoba 2021. Sheria nazo zinasogea: Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 kanuni inayopiga marufuku bidhaa za kazi ya kulazimishwa katika soko lake, na itaanza kutumika Desemba 2027.

Kisha janga likapoa, maghala yakajaa, bei ikaanguka, na Top Glove ikaingia kwenye hasara. Huo ndio wakati wa kuangalia kama sera ya Januari 2019 ina mizizi, maana ada ya wakala kwa mfanyakazi mpya haishuki kwa kuwa glavu zimeshuka. Kwa mnunuzi anayesoma kisa hiki akiwa na mkataba wa kuhuisha mezani, kazi inaanzia kwenye mchanganuo wa bei. Utafute mstari wa gharama ya kumwajiri mhamiaji mmoja kutoka kila nchi, uulinganishe na kinachojulikana kutozwa vijijini huko, kisha uombe ankara za mawakala na hati za benki zinazoonyesha kiwanda kimezilipa. Mstari huo usipokuwepo, kuna mtu ameulipa, na si kiwanda wala si wewe.